Karatasi Mbili kwenye Barabara ya Rumonge

Niliondoka Kigoma kwa sababu mama aliniambia niondoke. Alikuwa amelala chumbani kwake Ujiji, miguu imevimba, na daktari alikuwa ameshatuambia kwa adabu kwamba tusimsumbue tena kwa safari za hospitali. Mama akaniita, akasema, "Nataka kumwona Mwajuma. Usiniletee salamu zake. Mlete mwenyewe." Mwajuma ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Aliolewa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na fundi wa magari anayeitwa Saidi, miaka mingi kabla risasi hazijaanza kulia kule. Tangu vita vianze alikuwa amekuja nyumbani mara moja tu.

Ninaiandika safari hii kwa sababu kila nikikaa, barazani au msikitini, mtu ananiuliza ilikuwaje, na kila mmoja ana yake aliyoisikia. Wengine wanajua hata mambo ambayo mimi niliyekuwepo siyajui. Nimechoka kusahihisha. Someni hapa.

Wasionifahamu wajue kwamba mimi ni mwalimu wa uraia. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wa kidato cha pili kwamba nchi huwa dola huru ikiwa na vitu vinne: ardhi yenye mipaka, watu, serikali, na kutambuliwa na nchi nyingine. Nimeyaandika hayo ubaoni miaka kumi na minne, na mwanafunzi akisahau kimoja nampunguzia alama bila huruma. Siitaji kazi yangu kwa kujisifu. Naitaja kwa sababu nilisafiri na hayo kichwani kama mtu anayesafiri na ramani, na nilikuwa na hakika nayo kiasi cha kuwachosha wenzangu.

Jumatatu asubuhi nilipanda Land Rover ya abiria kwenda Manyovu. Mvua ilikuwa haijakatika kwa wiki nzima na tulishuka mara tatu kusukuma. Njiani tulipishana na watu waliokuwa wakija kwetu kwa miguu, magodoro kichwani, masufuria, kuku wamefungwa miguu. Hakuna aliyekuwa akielekea tunakoelekea sisi. Mpakani, ng'ambo ya pili, afisa wa Burundi alifungua pasi yangu ya kusafiria, akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mwalimu, wenzako wanatoka, we unaingia. Unaenda kutafuta nini?" Nikamwambia naenda kumchukua dada yangu. Akagonga muhuri, akanirudishia pasi kwa mikono miwili. "Mungu akusaidie," akasema, na nilifurahi, nakiri, kuona bendera juu ya mlingoti, sare iliyopigwa pasi na wino ulionyooka. Nikajisemea, haya ndiyo ninayofundisha.

Jumatatu jioni nilifika Nyanza-Lac, nikalala kwa mwuza mawese mmoja mwenye asili ya Ujiji. Kutoka pale hadi Bujumbura barabara inafuata ziwa, na mtu hapiti peke yake akipenda maisha yake. Unasubiri msafara. Magari yanapangwa, askari wanakaa mbele na nyuma, ndipo yanaondoka.

Jumanne mchana tulipita Rumonge katika msafara huo. Kuna michikichi kama ya kwetu, ziwa lilelile, ndagala zimeanikwa mchangani kama dagaa wetu wa Kibirizi. Ungedhani hujatoka nyumbani, isipokuwa kila baada ya mwendo unaona gari lililoungua, limetupwa pembeni, na majani yameanza kuota ndani yake. Abiria walikuwa wakisimulia habari za harusi mpaka tunapokaribia kona fulani, hapo wote wananyamaza bila kuambiwa, na tukishaipita wanaendelea na harusi yao. Nilihesabu kona nne za namna hiyo, kisha nikaacha, maana nilianza kunyamaza nao.

Saa tisa alasiri tuliingia Bujumbura. Nilimkuta Mwajuma mlangoni kwake Buyenzi, amekonda, ananicheka kabla hajanisalimu. "Kaka, umezeeka! Mama anakupikia nini siku hizi?" Nilipomwambia hali ya mama aliketi palepale kizingitini. Hakulia. Aliuliza tu kama bado anakula, na kama bado anamtaja. Nikamwambia anamtaja kila siku, ndiyo maana nimekuja.

Saidi alirudi jioni, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Ni mtu mfupi, mchangamfu, asiyeweza kupita karibu na gari bila kuinamisha kichwa asikilize injini. Alinikumbatia akanichafua shati, akaomba radhi akacheka. Mungu hakuwajalia mtoto, na kwa hiyo wanaishi wakitaniana wao kwa wao kama watoto. "Bofreri," aliniambia, ndivyo wanavyomwita shemeji kule, "mama iko mugonjwa, tunaenda. Apana ya kujadili. Lakini kwanza karatasi."

Jumatano nzima ilikwenda kwenye karatasi. Mwajuma alikuwa na kitambulisho cha Burundi tu, alichokipata kwa ndoa, na ili atoke katika mkoa na avuke mpaka alihitaji kibali cha safari, lesepase kwa lugha yao. Saidi naye alihitaji cha kwake. Tulikaa kwenye benchi la ofisi moja ya komini, kama tarafa kwetu, tangu asubuhi. Karani alikuwa mzee mpole mwenye rozari shingoni, aliyeandika majina polepole kama anayachonga. Alipofika kwenye muhuri, kidau cha wino kilikuwa kimekauka. Akakitemea mate kidogo, akasugua kwa kidole, akagonga. Alama ilitoka nusu. "Kashe iko inachoka," akasema akiutazama muhuri, "kama sisi wote." Mimi nikamwuliza kama karatasi ile itatufikisha mpakani. Akanitazama juu ya miwani. "Karatasi inasema unaweza kupita. Haisemi utapita."

Nilimwona mzembe. Nilipotoka nje nilimwambia Saidi kwamba mtumishi wa serikali hapaswi kusema hivyo. Saidi alicheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi asubuhi tulisikia kwamba msafara wa kusini umesimamishwa. Gari lilikuwa limeshambuliwa mahali fulani na hakuna aliyejua utaanza tena lini. Wengine walisema baada ya siku nne, wengine wiki mbili. Niliwaza miguu ya mama. Saidi akanichukua kwenye gari lake, Peugeot ya zamani ya rangi ya maziwa, tukapita Musaga, ambako watu walikuwa wamejipanga wakisubiri basi la kwenda mjini kazini kama siku yoyote, tukaenda Kanyosha. Pale sokoni kuna mama mmoja anauza unga wa muhogo. Saidi alinunua kilo mbili, wakaongea Kirundi kidogo, akamwuliza habari za watoto wake. Tukarudi saa nane, akanunua kilo nyingine moja, na ndani ya unga kulikuwa na karatasi iliyokunjwa.

Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, ina mistari. Juu yake palikuwa na maneno machache ya Kirundi, jina la Saidi, na muhuri wa duara wa rangi ya zambarau uliotoka vizuri kabisa kuliko ule wa komini. Saidi alinieleza kwamba wanauchonga kwenye soli ya kandambili. Ilikuwa lesepase ya watu wa mlimani, wale wanaopigana na serikali.

Nilikasirika. Nilimwambia sitapanda gari lenye karatasi ile. Nchi ina serikali moja, na mtu aliye porini na bunduki hana mamlaka ya kumpa mtu ruhusa ya kutembea katika nchi yake mwenyewe. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, watu wanapita, nami napaza sauti kama niko darasani. Saidi aliningoja nimalize.

"We unasema vizuri, bofreri. Mi sikatai. Lakini ile barabara iko na kilometa za huyu na kilometa za yule, na hawaandiki kibao. Ukifika kwa huyu na karatasi ya yule, umekwisha. Donk, basi, mutu anakuwa na zote mbili, na anaonyesha moja."

"Utajuaje uko kwa nani?"

"Miguu," akasema. "Nguo wote wanavaa za militeri. Wengine wameiba, wengine wamepewa. Bunduki ni zilezile. Lakini militeri anavaa bote ya ngozi. Wa mulimani anavaa bote ya plastiki, ya kwenda shamba. Huku kila mutu anajua. Ukifika bariyeri, usitazame sura. Tazama miguu."

Ya serikali anaiweka mfuko wa shati. Ya mlimani anaiweka chini ya mpira wa kukanyagia, karibu na klachi. Na sharti lake ni moja tu, alilolirudia mara mbili: mtu asionyeshe zote mbili mahali pamoja, hata iweje, kwa sababu hapo anakuwa si wa yeyote. Mwajuma aliposikia tunabishana hayo mezani alisema, "Kaka, acha. Sisi tumekaa hivi miaka." Nikaacha. Lakini ni mimi niliyesema tusisubiri msafara, na neno hilo nisingependa mtu mwingine alichukue. Saidi alitaka tungoje mpaka Jumatatu. Mwajuma alitutazama kwa zamu. Nikasema mama hana Jumatatu nyingi.

Jumamosi saa moja asubuhi tuliondoka watatu. Mvua ilikuwa inanyesha ya moja kwa moja, isiyo na haraka. Kizuizi cha kwanza, kutoka mjini, kilikuwa cha askari wenye mabuti ya ngozi. Saidi akatoa karatasi ya mfukoni, wakaisoma, tukapita. Cha pili vilevile. Saidi akaanza kuimba nyimbo za harusi kwa sauti mbaya ili Mwajuma amkataze, na Mwajuma akamkataza. Nilianza kuamini tutafika.

Saa tatu na nusu, mahali nisipopajua jina, kati ya ziwa na michikichi, tulikuta mti wa mkaratusi umelazwa barabarani. Wanaume wanne. Makoti ya jeshi, bunduki, mmoja amevaa jezi ya mpira ndani ya koti. Hakukuwa na bendera wala kibanda. Kioo cha mbele kilikuwa kimejaa mvuke na waliokuja upande wa Saidi walisimama karibu na mlango kiasi kwamba hakuweza kuona chini. Mimi nilikuwa upande wa mtaro, nao wawili walikuwa wamesimama ng'ambo yake, wazi.

"Bofreri," akasema bila kugeuka, midomo haichezi. "Miguu?"

Nilitazama. Nilitazama kwa makini kabisa. "Plastiki," nikamwambia. "Wote."

Akainama kama anayejikuna, akatoa karatasi ya daftari, akaitoa dirishani. Yule mwenye jezi aliipokea. Akaisoma, akaigeuza, akamwita mwenzake akaisoma naye. Kisha akasema kwa Kirundi maneno ambayo Mwajuma alinitafsiria baadaye: "Hii nani alikupa?"

Mtu wa mlimani asingeuliza hivyo. Au angeuliza, kama anataka kujua ni tawi gani limempa, maana wao kwa wao nao wamegawanyika. Hata leo sijui. Niliona shingo ya Saidi ikibadilika rangi. Na hapo yeye, aliyenionya mara mbili, yeye aliyeishi na sharti lile miaka yote ya vita, mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe ukatoa karatasi ya pili, ya komini, akaitoa nayo dirishani.

Yule mtu akashika moja kila mkono, akazitazama kwa zamu kama anayechagua kitambaa dukani. Akacheka. Akafungua mlango, akamshusha Saidi.

Mimi nilishuka. Nilitoa pasi yangu, nikasema mimi ni raia wa Tanzania na huyu ni shemeji yangu, tunakwenda kwa mgonjwa. Nilijieleza kwa Kiswahili cha shule, nikiwa nimesimama wima kwenye tope. Mtu yule aliichukua pasi, akaona ngao ya nchi yetu, akaifuta maji kwa mkono wake wa koti na kunirudishia. "Mutanzania," akasema, "we uende na amani. Na mwanamuke aende. Na wewe hatuna problemu." Nikasema siondoki bila Saidi. Akasema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayekupa shauri, "Usiharibu bahati yako."

Saidi alimwambia Mwajuma kwamba mlango wa nyuma haushiki, aubamize mara mbili. Ndiyo maneno yake ya mwisho tuliyoyasikia. Walimpitisha katikati ya michikichi, kuelekea mlimani au kuelekea kituo cha askari, maana njia ile ndogo ilikuwa na pande mbili, na mvua ilifunga kila kitu. Waliobaki wakauondoa mti, wakatupungia tupite.

Mimi siendeshi gari. Mwajuma anaendesha, alifundishwa na mumewe. Akahamia kwenye usukani, akawasha, na badala ya kwenda mbele akageuza. Sikumwuliza. Nyumbani kulikuwa mbele yetu, mwendo wa saa chache tu, na mama ndani yake.

Saa nne na nusu tulisimama kwenye kituo cha askari tulichokuwa tumekipita. Mkubwa wa pale, kijana mwenye adabu, alitusikiliza amekaa kwenye kreti. Mwajuma akasema yote, hata la mabuti. Yule sefu, ndivyo askari wake walivyomwita, akatikisa kichwa. "Hao si sisi, madamu. Militeri yetu inavaa ngozi. Hao ni waasi." Nyuma yake, kwenye kamba, mabuti ya ngozi jozi nne au tano yalikuwa yananing'inia yakikaushwa, na askari waliokuwa wameketi barazani walikuwa wamevaa ya plastiki kwa ajili ya tope. Mwajuma aliyatazama. Mimi niliyatazama. Sefu alituona tunayatazama, akageuka akayatazama na yeye, kisha akaturudia. "Ni mvua," akasema.

"Basi mnifuate, ni kilometa kidogo tu," Mwajuma akamwambia. "Twende mumutafute."

"Kule sina amri ya kufika."

Jumapili tulikwenda Kanyosha kwa yule mama wa unga. Alisikiliza huku anapima kibaba cha mteja mwingine. Akatuambia turudi kesho. Jumatatu tuliporudi alikuwa na jibu. Aliyasema maneno yale kwa huruma, ameshika mkono wa dada yangu: "Wanasema hawakumuchukua. Mutu mwenye karatasi yao, wamuchukue kwa nini? Wanasema kaulize serikali."

Jumatatu hiyohiyo mchana tulipanda mtaa wa Mutanga Nord, kwa mkubwa mmoja wa wizara ambaye Saidi alimtengenezea gari kwa miaka. Ni nyumba nzuri, ina maua. Alitukaribisha, akaagiza tuletewe maji ya matunda, akasikitika, na naamini alisikitika kweli. Alipiga simu mbili mbele yetu. Kisha akaketi akaunganisha vidole.

"Madamu, kama serikali ingemushika, angeandikwa. Nimeuliza, hakuandikwa. Donk, hakushikwa."

"Basi Saidi iko wapi?" Mwajuma akauliza.

"Ile sehemu, kwa sasa, haiko kabisa katika mikono yetu."

Nikasema, "Mheshimiwa, kwa hiyo pale si Burundi?"

Uso wake ulibadilika. Akasimama. "Pale ni Burundi mpaka kwenye mpaka wenu, mwalimu. Hii ni nchi huru. Mlitufungia mipaka kwa vikwazo vyenu, tukavumilia. Mnatuitia mikutano ya amani kwenu Arusha kama watoto, tunakuja. Lakini mutu wa nje hatatuambia ipi ni nchi yetu na ipi apana."

Nilimwomba radhi, kwa sababu tulikuwa kwake na tulimhitaji. Lakini niliona, na sikuwahi kuona hivyo mbele ya ubao, jinsi nchi ilivyokuwa yake kunapokuja kuisema, na ikawa si yake kunapokuja kuijibia. Alitusindikiza mpaka getini. Alimpa Mwajuma kadi yake. Mwajuma aliikunja akaiweka ndani ya kanga kama hirizi.

Jumatano walitangaza msafara wa kusini utaondoka kesho yake. Nilimwambia Mwajuma, tukiwa tunakunywa chai bila kuiona, kwamba Saidi tutamtafuta tukiwa nyumbani, kwamba tuna serikali, tuna wizara ya mambo ya nje, tutaandika barua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, mi nikienda, hapa nani atamuulizia? We uko na nchi. Ulitoa kile kitabu chako, wakakuacha. Yeye alitoa karatasi mbili." Akasogeza kikombe. "Mwambie mama nakuja. Usimwambie lingine."

Alhamisi niliondoka peke yangu. Kona zilikuwa zilezile, na tulipofika mahali pale ulipokuwa mti wa mkaratusi hapakuwa na kitu, hata majani yake. Niliwaonyesha abiria kwa kidole. Mama mmoja akaniambia nishushe mkono.

Mpakani afisa yule wa kwanza alikuwepo. Alinitambua. Aliangalia nyuma yangu kuona kama kuna mtu, akagonga muhuri bila kuniuliza kitu.

Sasa niwaambie nilichojifunza, maana ndicho mnachokingoja, ingawa naona aibu kukisema. Vile vitu vinne nilivikuta vyote. Mipaka ipo, nimeivuka mara mbili. Watu wapo, na ni watu wema kuliko sisi. Serikali ipo, ina karani na rozari yake. Kutambuliwa wanatambuliwa, wana mabalozi na kiti katika mikutano. Lakini mtu wa watu alishushwa garini mchana, mbele ya mkewe, na katika nchi nzima hakuna aliyesema: huyo ni mimi niliyemchukua, njoo uniulize. Mwenye nchi ni yule ambaye ndugu yako akipotea unajua pa kwenda kumdai. Hata akiwa katili, hata akikufukuza mlangoni, mlango uwepo. Kule milango ilikuwa mitatu na kila mmoja ulinielekeza kwa mwenzake. Mimi waliniachia si kwa sababu nilikuwa na haki kuliko Saidi. Waliniachia kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na mtu ambaye angeuliza.

Na ni mimi niliyesema plastiki. Niliona sawasawa, na sijui nimlaumu nani kwa kuona sawasawa.

Ijumaa mchana nilifika Ujiji. Mama alikuwa hai, amegeuzwa kuelekea mlangoni ili aone anayeingia. Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu. Nilijaribu kusema kama nilivyoagizwa, kwamba Mwajuma anakuja, lakini mama alinizaa mwenyewe. Nikamweleza.

"Nani kamchukua mkwe wangu?"

"Hatujui, mama."

"Watu wanasimama barabarani na bunduki, asubuhi, mnawaona, hamjui ni wa nani?"

"Hatujui."

"Basi rudi ukamwone mkubwa wao. Umpigie magoti. Mwambie kuna mama yake mkewe anakufa, amwachie, ili binti yangu aje."

"Mkubwa wa nani, mama?"

Alinitazama kama ananiona mjinga, mimi mwanawe msomi. Kesho yake aliniuliza tena, na keshokutwa. Alikuwa ameshanipangia maneno ya kumwambia huyo mkubwa, maneno mazuri ya unyenyekevu, na alinitaka niyarudie mbele yake nisije nikakosea. Niliyarudia. Siku ya tisa hakuniuliza, na alasiri yake tukamzika.

Siku ya tatu baada ya mazishi dereva wa lori aliniletea barua kutoka Buyenzi. Mwajuma ameandika kwamba Saidi bado hajaonekana, lakini amepata jina la mtu katika ofisi moja, na mtu huyo amekubali kumwona Jumatatu. Amesema nimwambie mama amvumilie kidogo tu, akitoka hapo anakuja moja kwa moja. Barua ninayo mfukoni. Sijaijibu.